Bluu ya Dirishani

Kompyuta iliyotajwa katika vifo vya watu watatu ilikuwa nzima kabisa.

Inspekta Bhoke alikuwa mbele yake tangu asubuhi, amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha bati walichokiita ofisi ya usalama, katika Mgodi wa Ilalwe, nje kidogo ya Kharumwa. Aliipa kazi nzito. Alifungua video, akanakili mafaili makubwa, akawasha programu zote kwa pamoja, kisha akaiacha ichemke chini ya lile bati lililokuwa likialika kwa jua. Haikukwama hata mara moja. Kwenye kioo chake mstari wa kijani ulitambaa taratibu, ukionyesha hali ya hewa chini ya duara, lile shimo la kuchimbia, ambako tangu ajali hapakuwa na mtu.

Gregory, meneja wa mgodi, alisimama mlangoni akichezea funguo za gari.

"Si unaona mwenyewe, afande? Mashine haina tatizo. Tatizo ni binti."

Binti aliyemsema ni Nelly, karani wa chumba kile, ambaye sasa alikuwa mahabusu. Kazi yake ilikuwa kulinda kompyuta hiyo. Baruti ikishalipuliwa chini ya duara, hewa hubaki na sumu isiyo na harufu. Kifaa kilichofungwa chini huipima na kuleta majibu kwa waya mpaka juu. Hewa ikiwa mbaya kompyuta hupiga king'ora, na hakuna anayeshuka mpaka kinyamaze. Asubuhi ya ajali king'ora hakikulia. Masele na wenzake wawili walishushwa na winchi wakiwa wanataniana. Walipandishwa wakiwa maiti.

Masele alikuwa kaka yake Nelly, wa tumbo moja.

"Binti anasema kompyuta ilikuwa inakufa yenyewe," alisema Bhoke. "Kioo kinageuka bluu, maandishi meupe, basi."

"Atasema nini kingine? Alifunga programu ya king'ora ili asikilize kwaya. Flash yake ilikutwa imechomekwa hapo. Pengine ndiyo iliyoleta virusi."

"Ni lipi kati ya hayo? Alifunga programu, au virusi?"

"Lolote. Mashine ilikuwa mikononi mwake."

Flash ile Bhoke alikwisha kuichunguza ofisini Geita. Ilikuwa na nyimbo za kwaya na picha za kipaimara, na haikuwa na kirusi hata kimoja. Lakini hakuona sababu ya kumwambia Gregory. Mtu akishajua ulichonacho, hukupa maneno ya kufanana nacho.

Aligeukia kompyuta. Windows ikianguka huacha alama. Huandika katika kumbukumbu za mfumo kwamba ilizimika vibaya, na katika folda maalumu huhifadhi faili dogo linaloeleza ilikuwa ikifanya nini ilipoanguka. Bhoke alifungua folda hiyo. Tupu. Akafungua kumbukumbu za mfumo. Zilianzia siku moja baada ya mazishi. Kabla ya hapo hapakuwa na kitu, kana kwamba kompyuta ilizaliwa siku hiyo. Na mstari wa kwanza kabisa ulitamka waziwazi kwamba kumbukumbu za zamani zimefutwa, na aliyezifuta aliingia kwa jina la Ofisi.

"Hili jina la Ofisi ni la nani?"

"La wote," alisema Gregory. "Neno la siri si hilo limebandikwa ukutani?"

"Nelly analijua?"

"Ndiye aliyelibandika."

"Siku moja baada ya mazishi Nelly alikuwa wapi?"

Nelly alikamatwa siku ileile ya ajali. Hata kumzika kaka yake hakumzika.

"Labda fundi," alisema Gregory. "Kuna fundi wa Geita, Davis. Lakini huyo alikuja zamani, kabla ya ajali. Baada ya ajali hajakanyaga hapa."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Asante," alisema Bhoke. Akatoa bisibisi mfukoni.

Kisanduku cha kompyuta kilipofunguka, vumbi jekundu lilimwagika mezani. Vumbi la Ilalwe lilikuwa limekaa juu ya kila kitu humo ndani, limeganda kwenye mapanga ya feni, limejaza pembe zote. Mahali pamoja tu palikuwa safi. Pale inapochomekwa ram, ile kumbukumbu ya kompyuta yenye umbo la kijiti chembamba, vibanio vilikuwa vimefutwa na kijiti chenyewe kiling'aa kama sarafu mpya. Bhoke alikichomoa, akakigeuza nyuma. Kulikuwa na stika ndogo ya dhamana, aina ile ambayo mafundi hubandika ili mteja asije akarudisha kitu kisicho chao. Jina la duka la Davis lilikuwa limechapwa. Tarehe iliandikwa kwa kalamu, nayo ilikuwa ya baada ya mazishi.

Alikifunga katika mfuko wa vielelezo, akaandika. Gregory alikuwa ameacha kuchezea funguo.

"Hiyo mashine inahitajika, afande. Wiki ijayo tunaanza kushuka tena."

"Mtashuka na nini?"

"Wageni wameshakubali kuingia ubia. Watu wana familia. Mgodi hauwezi kulala kwa ajili ya kijiti."

Bhoke alimtazama, akainamia begi lake na kutoa ram ya akiba. Aliichomeka, akawasha, akafungua tena ile programu ya hewa. Waliofuta kumbukumbu za Windows walisahau jambo moja: programu hiyo ilikuwa na kumbukumbu zake yenyewe. Alirudisha mstari wa kijani nyuma, kabla ya ajali, na hapo ndipo alipoanza kuona.

Mstari ulikuwa umekatika. Si mara moja. Ulikatika mara nyingi, vipande vidogovidogo, kama uzi uliotafunwa na mende. Kila kompyuta ilipoanguka mstari ulikoma, na ilipowashwa tena ukaendelea. Mwanzoni mapengo yalikuwa mafupi, ya muda wa mtu kuwasha mashine na kufungua programu. Kisha, siku chache kabla ya ajali, mapengo yakawa marefu ghafla. Moja lilimeza asubuhi nzima. La mwisho lilianza kabla Masele hajashuka, likaisha baada ya maiti kupandishwa.

Bhoke aliketi nyuma. Kompyuta ile ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi, hilo sasa halikuwa na ubishi. Nelly hakudanganya. Lakini mbona mwanzoni aliwahi kuiwasha upesi, na mwishoni hakuwahi? Ama Nelly alibadilika, au kitu kingine.

*

Abel, mwendesha winchi, alikuwa amekaa juu ya gogo karibu na mdomo wa duara, mashine yake imefunikwa turubai. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumwingia kwenye ndevu.

"Shikamoo, baba," alisema Bhoke.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Sina hata cha kukukalisha."

Bhoke alikaa kwenye gogo lilelile. Kutoka pale aliliona dirisha la ofisi ya usalama, na ndani yake kioo cha kompyuta kikimwelekea.

"Unaiona kompyuta ukiwa hapa?"

"Naiona. Iliwekwa hivyo kusudi. Sisi wote tuliijua bluu yake, afande. Kioo kikigeuka bluu, hata ukiwa umeshika breki ya winchi unakiona. Nelly anatoka mbio, anapiga kelele: 'Imekufa! Msishuke!' Tunakaa. Anaiwasha, anafungua king'ora chake, anatupungia mkono, ndipo tunashuka."

"Meneja alijua?"

"Angekosa kujua? Alikuwa anagomba. Anasema tunapenda kukaa kivulini."

"Na siku ya ajali?"

Abel alitazama mikono yake.

"Siku ile haikuwa bluu. Nilitazama. Masele naye alitazama, maana ndiye msimamizi, hashushi watu bila kutazama. Kulikuwa na ile picha ya milima. Nelly akitoka kidogo hufunga kioo, inakaa picha ya milima, na king'ora kinaendelea kulinda humohumo ndani. Siku hizo za mwisho tulikuwa tunaiona sana hiyo milima. Tukafurahi, tukasema mashine imepona. Masele akaniambia, 'Mzee Abel, teremsha.' Nikateremsha."

Akaunyanyua mkono wa kulia, ule wa breki.

"Mkono huu," alisema Abel.

"Nelly alikuwa wapi?"

"Aliitwa nyumba ya wageni. Meneja alikuwa na wageni wake wa ubia. Nelly alipelekwa kuwapikia chai."

Bhoke alirudi kwenye kompyuta, akaingia mahali ambapo watu wachache huingia, pale Windows inapoulizwa ifanye nini ikianguka. Kulikuwa na tiki ndogo: iwake upya yenyewe. Tiki hiyo kompyuta nyingi huja nayo. Fundi akitaka kusoma maandishi ya bluu huiondoa, ili kioo kibaki palepale mpaka mtu akione. Hapa Ilalwe bluu ilikuwa ikibaki, Abel ameiona kwa macho yake. Maana yake mtu aliiondoa tiki. Kisha siku chache kabla ya ajali mtu akairudisha, ingawa mashine ilikuwa bado inaumwa. Tangu hapo kompyuta ilianguka, ikajiinua, ikasimama kwenye picha ya milima ikingoja neno la siri. Programu ya king'ora haikuwaka mpaka mtu aingie na kuifungua. Kwa aliye nje, mashine iliyokufa na mashine inayolinda zilifanana kama mapacha.

Simu yake iliita. Alikuwa mkuu wake wa kazi, Geita.

"Bhoke, hilo jalada bado tu? Mtuhumiwa tunaye. Meneja amepiga simu tena."

"Kesho nitakuletea, afande."

"Kesho ya lini? Nasikia umefungua mashine ya watu kwa bisibisi."

"Nimeifungua, afande. Mtuhumiwa tuliye naye siye."

Mkuu akasema, "Basi uwe na hakika," akakata.

*

Kituoni walimleta Nelly katika chumba kidogo chenye meza na benchi. Alikuwa amevaa gauni lilelile alilokamatwa nalo. Alisalimia kwa sauti ya chini, na Bhoke akaitikia.

"Ile bluu ilipoanza ulifanya nini?"

"Nilimwambia meneja. Akamwita fundi Davis. Davis akanionyesha niwe naipiga picha kila ikitokea, kwa sababu alifanya isiondoke. Nikapiga nyingi."

"Simu iko wapi?"

"Ilikuwa ya mgodi. Meneja aliichukua siku ile waliponikamata."

"Maandishi yalikuwa yaleyale kila mara?"

Nelly alifikiri. "Hapana. Yalibadilika. Leo hivi, kesho vile. Kuna siku yalisema MEMORY_MANAGEMENT, siku nyingine ndefu sana sikuweza kuisoma. Nilidhani inanichezea."

Bhoke aliandika. Maandishi yakiwa yaleyale kila siku, unashuku programu moja iliyoharibika. Yakibadilikabadilika bila mpangilio, unashuku ram, kwa sababu kinachooza hapo kinaweza kuwa chochote kilichokaa hapo wakati huo. Fundi yeyote anayejua kazi angeshuku hivyohivyo. Na Davis alikuwa anajua kazi.

"Davis alifanya nini baadaye?"

"Alikuja tena. Akafungua, akachomoa kile kijiti, akaenda nacho kwenye gari kwenye kompyuta yake nyingine. Akakirudisha. Akaongea na meneja pembeni. Tangu siku hiyo sikuona bluu tena. Nilikuwa nakuta tu imejifunga, milima. Nikidhani ni mimi niliyeifunga nikasahau. Maana nilikuwa natumwa sana, afande. Chai, mahudhurio ya watu, kupima mawe. Sikukaa."

Pembeni ya benchi kulikuwa na bakuli tupu lililofunikwa kitambaa.

"Nani anakuletea chakula?"

"Mke wa mzee Abel."

"Mama yako?"

"Mama hajaja." Nelly alikaza macho sakafuni. "Meneja alikwenda msibani na jeneza na mchele. Akamwambia mama kwamba mwanao wa kiume alikuwa anakata roho, mwanao wa kike anasikiliza kwaya. Mama akaamini. Hata mimi ningeambiwa na mtu aliyeleta jeneza, ningeamini."

*

Duka la Davis lilikuwa Geita mjini, katika mtaa ambao kila mlango wa pili ni wa mnunuzi wa dhahabu. Bodaboda zilijipanga mbele, na ndani kompyuta zilizofunguliwa matumbo zilirundikwa mpaka dari. Davis alikuwa kijana mnene mwenye miwani. Alimkaribisha Bhoke kwa soda, ambayo Bhoke hakuigusa.

"Ilalwe mara ya mwisho ulikwenda lini?"

"Ah, zamani kidogo. Kabla ya ule msiba. Tulisikitika sana."

Bhoke aliweka mfuko wa kielelezo mezani, upande wa stika ukiwa juu. Davis aliutazama muda mrefu.

"Mwandiko wa nani huo?"

"Wangu."

"Soma tarehe."

Davis hakusoma. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Ulipewa kazi ya kufuta mambo," alisema Bhoke, "ukabandika stika ya dhamana."

"Mazoea, afande. Mkono unaenda wenyewe."

"Ile ram ya zamani iko wapi?"

Davis aliinuka kama mgonjwa. Kwenye rafu ya chini palikuwa na ndoo ya vipuri vibovu. Alipekua, akatoa kijiti kimoja na kukiweka mezani. Juu yake palichorwa alama ya X kwa kalamu nyekundu ya wino mzito. Vumbi la Ilalwe lilikuwa bado limeng'ang'ania kwenye meno yake, na lilikuwa limekaa juu ya ule wino mwekundu.

"Kipime," alisema Bhoke.

Davis alikichomeka kwenye kompyuta ya majaribio, akaanzisha kipimo. Mwanzoni kioo kilikwenda vizuri, kisha mistari myekundu ikaanza kushuka, mmoja, halafu mingi, mpaka kioo chote kikawa kama kimemwagiwa damu. Nje bodaboda ilipiga honi.

"Hii X huweka wakati gani?"

"Nikishapima nikakuta ni mbovu."

"Hii uliichora lini? Vumbi la mgodini liko juu ya wino, haliko chini yake. Kwa hiyo baada ya kuchorwa ilirudi Ilalwe ikafanya kazi."

Davis aliketi chini.

"Niliipima palepale mgodini, kwenye gari," alisema. "Nikaona imekufa. Nikamwambia Gregory, kaka, hii tunabadilisha, lakini ya aina hii sina, nitaifuata Mwanza, kompyuta itakaa bila kufanya kazi mpaka nirudi. Akasema haiwezekani, mgodi hauwezi kusimama, wageni wako njiani. Nikamwambia itarudia. Akasema irudie, lakini ile bluu nisiione."

"Ukafanya nini?"

"Nikairudisha. Nikaweka tiki."

"Ulijua maana ya hiyo tiki pale?"

"Nilijua kompyuta itajiwasha. Sikujua kuhusu winchi, afande. Haki ya Mungu. Sikujua kwamba wale watu walikuwa wanaishi kwa kutazama ile bluu. Hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?"

Davis alitikisa kichwa. Kisha akachukua simu yake, akatafuta, akaiweka mezani na kubonyeza. Sauti ya Gregory ilijaza duka, ya uchangamfu, nyuma yake karasha zikisaga mawe.

"Fundi wangu, nisikilize. Kesho kutwa wageni wanaingia. Hiyo rangi ya bluu sitaki waione kabisa, wataona mgodi wetu ni wa kubahatisha. Mambo ya kijiti tutaongea wakishaondoka. We ficha tu hiyo bluu. Umenielewa eh?"

Sauti ilikatika. Chini yake ilikuwapo nyingine, ya baada ya mazishi. Davis aliibonyeza pia bila kuambiwa. Hiyo ilikuwa fupi, haina uchangamfu: aje na ram mpya, asafishe kila kitu, asiongee na mtu.

"Mbona hukuzifuta?" aliuliza Bhoke.

"Nilijua siku moja atasema ni mimi."

"Nelly yuko ndani tangu siku ya ajali. Hukujua hilo?"

"Nilijua."

Bhoke alichukua simu, akaifunga kwenye mfuko. "Funga duka," alisema. "Tunakwenda."

*

Gregory alikamatwa asubuhi iliyofuata, mbele ya nyumba ya wageni, akiwa anawasha gari. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisikiliza sauti yake mwenyewe kutoka kwenye simu mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo Bhoke aliliandika kama lilivyotamkwa.

"Mimi sikuua mtu. Niliomba rangi iondoke, basi."

"Ile rangi ndiyo iliyokuwa inawazuia wasishuke," alisema Bhoke. "King'ora chako kilikuwa kinakufa kila siku. Watu wako wakajitengenezea kingine, ukakiondoa hicho kwa sababu kinatia aibu."

"Wangeniambia."

"Walikwambia. Uliwaita wavivu."

Wachimbaji walisimama mbali wakitazama. Hakuna aliyeshangilia. Mmoja aliuliza kama mgodi utafunguliwa, na askari akamjibu kwamba hajui. Lakini Bhoke alijua. Wageni walikwisha kutuma meneja mwingine, na mkuu wake Geita alikwisha kumwambia kwamba wakili wa Gregory ni mkali na huenda kosa likapunguzwa likawa la uzembe.

Kituoni alimkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi la nje, amejitanda kanga nyeusi. Alikuwa Paskazia, mama yake Masele na Nelly. Abel ndiye aliyekwenda kumwambia, akasimama uani kwake tangu alfajiri mpaka akakubali kusikiliza.

"Mwangaluka, Mama Masele," alisema Bhoke kwa Kisukuma chake cha kuokoteza.

"Mwangaluka." Mama hakuinua macho. "Nimeambiwa atatoka."

"Anatoka sasa hivi."

"Nilikula mchele wa yule mtu," alisema mama. "Niliupika, nikala, na mwanangu yuko humu."

Bhoke aliingia ndani.

Nelly alikuwa amesimama kaunta, amekabidhiwa vitu vyake: viatu, rozari na ile flash. Bhoke alimweleza yote, polepole, kijiti na tiki na sauti ya Gregory. Alimweleza kwamba hana kosa. Nelly alisikiliza bila kulia. Bhoke alipomaliza, aliuliza swali moja.

"Afande, ningekuwa nimekaa mezani asubuhi ile, nisingekwenda kupika chai, ningeiona inajizima?"

Bhoke alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. Aliweza kusema kwamba alitumwa na bosi wake, kwamba asingeweza kukataa. Lakini yote hayo Nelly aliyajua, na hakuuliza hayo.

"Ungeiona," alisema Bhoke.

"Ningemwahi Masele?"

"Ungemwahi."

Nelly aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo la zamani. "Asante kwa kutonidanganya," alisema. Akavaa viatu.

Nje, mama alisimama. Hawakukumbatiana. Paskazia alinyoosha mkono kumshika mwanawe bega, mkono ukaishia hewani, akaurudisha. Kisha akavua ile kanga nyeusi ya msiba, akamtupia Nelly mabegani, kwa sababu Nelly alikuwa hajapata kuivaa. Nelly aliishika kwenye pembe, akaivuta ikamfunika kichwa, na hapo ndipo alipoanza kumlilia kaka yake, kwa sauti, pale mlangoni mwa polisi, huku wapita njia wakigeuka.

Mama alitangulia barabarani. Nelly alimfuata nyuma, analia. Walishika njia moja, lakini hawakutembea pamoja, na Bhoke alisimama akiwatazama mpaka vumbi la lori la mawe lilipowapitia.